Kitufe cha Handakini

Waliokuwamo katika chumba cha mitambo cha hospitali siku ile ni hawa. Wa kwanza alikuwa Mkurugenzi wa hospitali, amesimama karibu na mlango, koti amelivua na kulitundika mkononi. Wa pili alikuwa mpwa wangu, binti wa dada yangu mdogo, aliyeandika programu iliyoendesha lifti za jengo lile. Huyo aliketi mbele ya kompyuta. Wa tatu alikuwa fundi wa lifti, mtu mrefu, mwembamba, ambaye hospitali nzima ilimwita Kamba, naye aliitika bila kinyongo. Wa nne alikuwa mke wa dobi wa hospitali. Alikaa pembeni kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya mapaja. Wa tano nilikuwa mimi. Niliitwa kwa sababu katika ujana wangu ndimi niliyechora ramani ya jengo lile, na mafundi wa zege walitaka kuonyeshwa mfereji wa zamani ulipopita.

Hapakuwa na mtu mwingine. Nasema hili mapema, kwa sababu baadaye walitokea watu waliotuona tukipita ukumbini, wakashikilia kwamba tulikuwa sita.

Ulikuwa mchana wa kawaida. Kutoka dirishani niliwaona wagonjwa wa nje wamepanga foleni mbele ya chumba cha dawa, na mama mmoja akimgombeza mtoto aliyepoteza kiatu kimoja na hakumbuki wapi. Uani liliegeshwa lori la zege. Pipa lake lilikuwa likizunguka polepole, na mngurumo wake tuliusikia kwenye nyayo zaidi kuliko masikioni.

Lori lile lilikuwa linangoja neno moja tu. Mwanzoni mwa wiki mto ulikuwa umefurika, maji yakapita katika ule mfereji wa zamani na kujaa handakini, yaani ghorofa iliyo chini ya ardhi, ambako palikuwa na chumba cha kufulia nguo za wodi zote. Maji yalipoanza kupungua, wahandisi walipima wakasema msingi umelika. Handaki lisipojazwa zege kabla mvua haijarudi, jengo lote lingekuwa hatarini, pamoja na waliolala ndani yake. Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wodi zilizojaa wagonjwa juu ya shimo, na mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika upande wa milimani.

Lakini dobi alikuwa hajaonekana tangu siku ya mafuriko. Ilisemekana ametoroka. Mtu mmoja aliapa kwamba alimwona kituo cha mabasi, amebeba begi.

"Mume wangu hana begi," mkewe alisema alipoambiwa, na tangu hapo alikataa kulia. Ndugu walipokuja kumpa pole aliwauliza, pole ya nini, akawafungia mlango.

Mpwa wangu ndiye aliyeomba lori lisubiri. Ndiye pia aliyemwita yule mama.

Nieleze kwanza alichokuwa amekiunda, maana bila hicho mengine hayaeleweki. Kando ya kila mlango wa lifti palikuwa na kioo cha kugusa, ukubwa wa kitabu cha shule, chenye vitufe vitatu vilivyochorwa: Juu, Chini, na Msaada. Ghorofa ikifungwa, vitufe vyake huzimwa kutoka chumba cha mitambo. Vinageuka kijivu, na lifti haiendi tena huko. Maji yalipoanza kuingia, mpwa wangu aliagizwa azime vitufe vya handakini, lifti isije ikashusha watu majini. Akavizima. Kazi ilikuwa sahihi, na mtu yeyote angeifanya.

"Mkurugenzi, watu wanadhani kitufe cha kijivu kimemaliza maneno," alisema, bila kugeuka kutoka kwenye kompyuta. "Ni kweli kitufe chenyewe hakisikii. Lakini kidole hakipotei. Ukigusa kitufe kilichozimwa, mguso unapita pale kama hakuna kitu, unaangukia kilichoko nyuma yake. Nyuma ya vitufe kuna ubao, ule uwanja mweupe vinapokaa. Na ubao niliuwekea sikio mimi mwenyewe, ili mtu akigusa popote, kioo kiamke."

"Kwa hiyo?" Mkurugenzi aliuliza.

"Kwa hiyo siku ya mafuriko ubao wa handakini ulinipigia kelele mchana kutwa. Naguswa, naguswa, naguswa. Nikadhani ni maji. Nikajiambia matone yanagonga kioo, nikaendelea na kazi nyingine."

Akafungua picha. Ilikuwa picha ya kile kioo cha handakini, na kila mguso wa siku ile ameuweka kama nukta nyekundu mahali ulipoangukia. Nilivaa miwani nikasogea. Upande wa juu wa kioo haukuwa na nukta. Katikati hapakuwa na nukta. Zote zilikuwa chini, pembeni kulia, zimerundikana moja juu ya nyingine hadi zikawa doa moja.

Doa lilikuwa limekaa sawasawa juu ya kitufe cha Msaada.

"Maji yanatapakaa," mpwa wangu alisema kwa sauti ndogo. "Hayarudi mahali pamoja kutwa nzima."

Kamba alikuwa akitafuna njiti ya kiberiti. Akaacha.

Mkurugenzi alitazama picha ile kwa muda, kisha akajifuta shingo. "Sawa. Huenda siku ile palikuwa na mtu, na ni jambo la kusikitisha. Lakini Kamba alishuka kesho yake. Kamba, waambie."

"Nilishuka kwa ngazi ya chuma, ile ya ndani ya shimo la lifti," Kamba alisema. "Maji yalinifika kiunoni. Nilisimama pale mlangoni pa lifti, nikakifungua hicho kioo nikakitoa kisije kikaoza. Hapakuwa na mtu, bosi. Mlango wa chumba cha kufulia ulikuwa umekwama, umebanwa na kitu kwa ndani. Nikaita. Pampu ilikuwa inanguruma hata sauti yangu mwenyewe sikuisikia."

"Uliita mara ngapi, shemeji?" aliuliza mke wa dobi. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu tuingie.

Kamba alitazama viatu vyake. "Mara moja."

Kioo chenyewe kilikuwa mezani mbele yetu, kimelazwa chali juu ya gazeti. Nyaya zake zilikuwa zimekatwa na ncha zimefungwa utepe mweusi. Hakikuunganishwa na chochote, wala hakikuwa na taa. Kilikuwa cheusi kama kisima.

"Basi tumemaliza," Mkurugenzi alisema. "Kioo hiki hapa. Aliyekuwa akikigusa, Mungu amlaze pema. Nipisheni niwaambie watu wa lori."

"Hatujamaliza." Mpwa wangu alifungua picha ya pili. "Hizi ni za jana, kioo kikiwa hapa mezani." Akafungua ya tatu. "Hizi ni za leo asubuhi."

Doa lilikuwa palepale.

Kompyuta ikatoa mlio mdogo, kama kijiko kikigonga glasi. Kando ya doa ikaongezeka nukta.

"Na hiyo," alisema, "ni ya sasa hivi."

Uani lori liliendelea kuzungusha tumbo lake.

Kamba ndiye aliyetangulia kusema, maana hakuwa mtu wa kuvumilia kimya. "Mama Vitufe," alimwambia mpwa wangu kwa jina alilompachika, "labda ni panya."

"Panya wako anagusa kioo gani, Kamba? Kioo hiki hapa mbele yako."

"Nasema tu. Panya wa siku hizi wamesoma."

Hakuna aliyecheka, hata yeye.

"Ni kasoro," Mkurugenzi alisema. "Programu yako ina kasoro. Sikulaumu, mitambo ni mitambo. Liondoe hilo sikio kwenye ubao. Ubao usisikie tena, kompyuta itulie, nasi tuendelee."

"Siliondoi."

"Nakuagiza."

"Nimekusikia, Mkurugenzi. Siliondoi. Wiki hii nimeshaziba sikio mara moja. Nilizima kitufe kwa agizo, na mtu akabonyeza mchana kutwa, nami nikaita kidole chake maji. Mara ya pili sifanyi. Niandikie barua ya kunifukuza, nitaisoma baadaye."

Hakupandisha sauti. Dada yangu, mama yake, alikuwa akisema kwamba mtoto huyu akikataa chakula ni heri umwite jirani aje ale, kwa sababu yeye hatakigusa hata kikiota ukungu. Nilimtazama nikaona sura ile ile ya utotoni. Kamba akaniinamia sikioni.

"Mzee, mpwa wako atatufukuzisha kazi sote."

"Wewe utatangulia," nilimjibu. "Uko karibu na mlango."

Wakati huo mke wa dobi alikuwa amesimama. Hakuwa anatutazama sisi. Alikuwa anatazama meza.

"Njooni muone," alinong'ona.

Juu ya kile kioo cheusi, chini, pembeni kulia, palikuwa na unyevu. Ulikuwa mdogo, mviringo, kama ncha ya kidole. Kamba alitazama dari. Dari ilikuwa kavu. Alivuta mkono wa shati lake akaufuta unyevu ule, akaufuta tena, kioo kikabaki kinang'aa.

Kompyuta ikalia.

Unyevu ukarudi.

Safari hii niliinama nikauona vizuri. Ulikuwa na mistari, kama ile anayoiacha mtu anapotia dole gumba kwenye karatasi za ofisi. Maji yake yalikuwa na matope kidogo. Tulipokuwa tukiutazama ulipanuka pembezoni, taratibu, jinsi ncha ya kidole inavyopanuka mtu anapozidi kukandamiza.

Mkurugenzi alirudi nyuma hatua moja. Mke wa dobi hakurudi. Aliweka kidole chake kando ya alama ile akalinganisha.

"Hiki si kidole cha mume wangu," alisema. "Chake kinene, mara mbili ya hiki." Akamgeukia mpwa wangu. "Lakini mwenye kidole hiki anataka afunguliwe. Mfungulie, mwanangu."

"Hakuna kufungua kitu!" Mkurugenzi alishatoa simu. "Mama, nakuheshimu. Nina wagonjwa juu ya shimo hili, na mvua inakuja. Siwezi kusimamisha kazi kwa sababu ya doa la maji."

"Ukimwaga zege utammwagia mtu," mpwa wangu alisema.

"Mtu gani? Nitajie basi. Ni nani?"

"Simjui. Ndiyo maana nafungua."

Akageukia kibodi. Aliandika mstari mmoja, mfupi. Kwenye kompyuta, kitufe cha Msaada cha handakini kikaacha ukijivu, kikawa kijani.

Mkurugenzi alisema katika simu, "Anzeni."

Nje sauti ya lori ilibadilika. Ikawa nzito. Kamba alitazama dirisha, akamtazama Mkurugenzi, akamtazama yule mama. Kisha alilisukuma dirisha likafunguka lote, akatoa nusu ya mwili wake mrefu nje.

"Zima!" alipiga kelele. "Wee dereva! Zima lori, kuna mtu chini!"

"Kamba!" Mkurugenzi alifoka.

"Mimi ndiye niliyeita mara moja, bosi," Kamba alisema, akiwa bado dirishani. "Sasa naita ya pili."

Lori likanyamaza.

Katika kimya kile kitufe cha kijani kilizama, kama kinavyozama kitufe kilichobonyezwa. Hakuna aliyekuwa amegusa kitu. Mikono ya mpwa wangu ilikuwa hewani. Kwenye kompyuta tuliona lifti ikiondoka ghorofa ya juu kabisa.

Ilikuwa inashuka.

Mkurugenzi aliruka hadi ukutani akaivuta chini swichi kubwa. Taa zikazimika. Kompyuta ikazimika. Feni ikazunguka peke yake, ikachoka, ikasimama.

Lifti haikusimama.

Tuliisikia ndani ya ukuta. Tulisikia nyaya za chuma zikivuma, na ule mgongano mdogo inapopita kila ghorofa.

"Haina umeme," Kamba alinong'ona. "Bosi, haina umeme. Breki zingeishika."

Ilitufikia. Ilitupita. Mezani kile kioo kilitetemeka juu ya gazeti. Kisha chini, mbali, tukasikia milango ikifunguka. Kukawa kimya. Milango ikafungwa. Nyaya zikaanza kuvuma tena.

Inapanda.

Tulitoka hadi ukumbini. Lifti ilifika mbele yetu, milango ikafunguka yenyewe. Ndani hapakuwa na mtu. Hewa baridi ilitoka, yenye harufu ya tope na sabuni ya kufulia. Sakafuni palikuwa na nyayo za maji, za miguu mitupu, midogo. Aliyezikanyaga alikuwa ameingia, akageuka kuelekea mlangoni, kisha akasogea hadi pembeni kabisa.

Alisimama kama anavyosimama mtu anayewapisha wengine waingie.

Mke wa dobi akaingia. Mpwa wangu akaingia nyuma yake. Kamba alichukua mtaimbo uliokuwa umeegemezwa ukutani, akanung'unika neno ambalo sitaliandika, akaingia. Mimi nikatoa tochi yangu mfukoni, nikaingia.

"Mzee," Mkurugenzi aliniambia, "wewe ni mtu mzima mwenye akili zako. Tafadhali toka humo. Nawakataza. Nawakataza nyote."

"Nililichora jengo hili," nilisema. "Sihitaji ruhusa ya kushuka ndani yake."

Milango ikafungwa. Mle ndani palikuwa na giza, nami tochi sikuiwasha mara moja. Tulikuwa wanne. Nilisikia pumzi za mpwa wangu upande wa kushoto, za Kamba juu ya kichwa changu, na za yule mama mbele yangu. Pumzi za nne zilikuwa zangu. Pembeni, mahali zilipokuwa zile nyayo, palikuwa na mtu wa tano anayepumua, polepole, kama aliyepanda ngazi nyingi.

Nadhani wote tulisikia.

Handakini maji yalikuwa yamebaki ya kufika miguuni. Nikawasha tochi. Ukutani, mahali kioo kilipokuwa, palikuwa na tundu la mraba na nyaya mbili zilizokatwa. Plasta iliyozunguka tundu lile ilikuwa imechubuka upande mmoja tu, chini, kulia. Kamba aliufikia mlango wa chumba cha kufulia akauingiza mtaimbo. Kabla hajaukandamiza, kitu kizito kikaburutwa upande wa pili.

Kikaburutwa mara moja. Kikatulia.

Mlango ukafunguka kidogo, kiasi cha mtu kupita.

"Si mimi," Kamba alisema. "Jamani, si mimi."

"Pita," mke wa dobi alimwambia. "Au nipishe."

Ndani mashine za kufulia zilikuwa zimelala ubavu. Shuka zilikuwa zimetanda juu ya maji. Niliwaelekeza kwenye jukwaa la kupigia pasi, mwisho wa chumba, kwa sababu nililichora juu ili mvuke usirudi chini, na maji hayakulifikia. Tulipolimulika tuliona kabati kubwa la shuka limeanguka juu yake. Chini ya kabati tuliona miguu ya mtu.

Miguu ikacheza.

Dobi alikuwa amelala chali. Kabati lilikuwa limembana mikono yote miwili, kutoka mabegani hadi kwenye vidole. Bomba lililopasuka lilikuwa likimdondoshea maji safi karibu na mdomo, na hayo ndiyo yaliyomweka hai. Macho yake yalikuwa makubwa. Alimtazama mkewe aliyekuwa akipanda juu ya jukwaa kwa magoti.

"Umechelewa," alisema. Sauti ilikuwa kama karatasi.

"Wamesema umetoroka na begi."

"Begi gani?"

Hapo ndipo yule mama alipolia. Alilia huku akimsukuma Kamba alinyanyue kabati haraka, huku akimtukana dobi, huku akimpangusa uso kwa khanga.

Mpwa wangu alipiga magoti upande wa pili. Alikuwa anaitazama ile mikono iliyobanwa.

"Ulikuwa unabonyezaje?" aliuliza.

"Nibonyeze nini?"

"Kioo. Pale kwenye lifti."

"Dada, tangu maji yalipoingia kabati liko juu yangu. Hata pua sijaweza kujikuna." Alipumzika kidogo. "Si mimi. Ni Bibi. Amekuwa akienda kule na kurudi. Anakwenda, anarudi. Nilimwambia, Bibi, kapumzike, kitufe kimezimwa. Akasema kitufe kimezimwa lakini kuna mtu. Akaenda tena."

"Bibi yupi?"

"Bibi aliyenifundisha kazi. Si mmekuja naye? Huyo hapo, nyuma ya mzee."

Mpwa wangu alinyanyua uso akatazama nyuma yangu. Kamba akatazama. Waliniambia baadaye kwamba hawakuona mtu, ila maji nyuma yangu yalikuwa na mawimbi madogo, kama mtu ameondoka sasa hivi. Mimi sikugeuka.

Tulimpandisha dobi kwa lifti ile ile. Juu, manesi walikuwa wameshaitwa na machela ilikuwa mlangoni. Mkurugenzi aliona mikono ile, akakaa chini ukumbini, sakafuni, na suruali yake nzuri. Alikaa hivyo hadi machela ilipopita. Daktari alimwokoa dobi mkono mmoja mzima na mwingine nusu. Handaki lilijazwa zege baada ya kupekuliwa kila pembe kwa taa, na Kamba aliita mle ndani hadi akapoteza sauti.

Mchana ule ule Mkurugenzi alimwita mpwa wangu ofisini, nami niliombwa nikae kama shahidi. Alizungumza kwa upole. Alisema hospitali inamshukuru. Alisema kinachobaki ni maelezo tu: kwamba lifti ilijiendesha kwa umeme uliobaki kwenye mitambo, na kwamba ile miguso ilitokana na maji.

"Hayakuwa maji," mpwa wangu alisema.

"Najua. Lakini nitawaandikia nini wakubwa? Niandike kwamba nani alibonyeza?"

"Andika alibonyeza mtu, na sisi tukamzima. Kama hutaki kuandika hivyo, usiandike jina langu chini."

"Utapoteza kazi hii, unajua."

"Najua. Lakini kabla sijaja hapa ofisini nilibadilisha kitu. Katika jengo hili kitufe cha Msaada hakizimiki tena. Ghorofa ifungwe, ifurike, iungue, kitabaki kijani. Atakayetaka kukizima atafute mtu wa kuiandika upya programu nzima, na amweleze mtu huyo kwa nini."

Akanyanyuka, akaniambia, "Mjomba, twende juu. Kuna mtu sijamwamkia."

Mke wa dobi alikuwa ametueleza ni nani. Bibi alikuwa dobi wa hospitali ile kabla ya mumewe. Alimchukua akiwa kijana asiye na kwao, akamfundisha kufua, kupiga pasi na kukunja, akamwita mwanangu. Alipostaafu alipatwa na kiharusi. Tangu mvua zilipoanza alikuwa amelazwa ghorofa ya juu kabisa, hasemi, hainui mkono wala mguu.

Tulipanda kwa ngazi. Nesi wa wodi alitupokea kwa hasira.

"Nyinyi ndio ndugu? Afadhali mmekuja. Hebu niambieni nani anammwagia maji mama wa watu. Kila nikibadilisha shuka, nikirudi nakuta zimelowa. Tope mpaka miguuni! Nani anamtoa nje mgonjwa asiyeweza kugeuka?"

Bibi alilala chali, mdogo kama msichana, mikono imenyooshwa ubavuni jinsi nesi alivyoiweka. Mkono wa kulia, kidole cha shahada kilikuwa cheupe na kimejikunja ngozi, kama cha mtu aliyekaa nacho majini siku nzima. Ukucha ulikuwa umevunjika. Chini ya ukucha palikuwa na plasta ya ukuta.

Juu ya kiti kando ya kitanda palikuwa na shuka zilizokunjwa, safi, pembe zimeingizwa ndani kwa namna ambayo sijaiona kwingine. Nesi alisema hajui zimetoka wapi, kwa kuwa tangu mafuriko hakuna nguo iliyofuliwa hospitalini. Niliweka kiganja juu yake. Zilikuwa bado na joto la pasi.

Mpwa wangu aliinama hadi sikioni mwa Bibi.

"Bibi, shikamoo," alinong'ona. "Wamefungua. Yuko hai. Sasa pumzika mkono."

Hakujibu, wala hatukutarajia ajibu. Tulimfunika kwa shuka moja katika zile.

Bibi alifariki jioni ile, kabla manesi wa zamu ya usiku hawajaingia.